UKIAMBIWA "WEWE SI RAIA", UFANYE NINI?

Ndugu msomaji, tuseme uko shambani kwako karibu na Kimamba. Umezaliwa hapo, na baba yako amezikwa hapo. Siku moja unakwenda kuandikishwa upate kitambulisho cha taifa. Karani anakuuliza: "Babu yako alizaliwa wapi?" Unajibu kwamba babu alikuja zamani kukata mkonge. Karani anaweka kalamu chini. Anasema: "Wewe kwanza nenda Uhamiaji."

Unakwenda. Unaulizwa maswali mengi. Mwisho unaambiwa: "Wewe si raia wa Tanzania."

Sasa je? Urudi nyumbani ukae kimya? Ukimbilie mjini? Umtafute mtu wa kumpa fedha? Au iko njia nyingine ya haki?

Njia ya haki iko, nayo ni mahakama. Lakini njia hiyo ina milango yake, na kila mlango una siku zake za kufungwa. Mtu asiyejua siku hizo hukuta mlango umefungwa. Leo tuzungumze habari hiyo polepole, neno kwa neno.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SISI WA KILOSA NA MIKUMI

Wilaya ya Kilosa ni wilaya ya watu wengi waliotoka pengi. Wakati wa Wajerumani, na baadaye Waingereza, yalifunguliwa mashamba makubwa ya mkonge. Kimamba, Rudewa, Msowero, kote huko mkonge ulilimwa. Wenye mashamba walitaka vibarua wengi. Wakaletwa watu kutoka Songea, Njombe na Kigoma. Wengine walivuka mipaka, wakatoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. Tuliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake ya kazi.

Wengi wa hao hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakalima hapa, wakafa hapa. Wajukuu wao leo ni wajumbe wa serikali za vijiji, ni walimu, ni mama lishe wa stesheni. Kiluguru na Kisagara wanakisema. Kwao ni hapa.

Wako pia ndugu zetu wafugaji, ambao babu zao walihama na ng'ombe kufuata malisho. Wengi wao hawana cheti cha kuzaliwa, maana walizaliwa porini, mbali na hospitali.

Na Mikumi iko juu ya barabara kuu iendayo Zambia. Magari ya kila namna hupita pale usiku na mchana. Wako vijana kutoka Ethiopia wanaosafirishwa kwa siri kwenda Afrika Kusini, na baadhi yao hukamatwa katika barabara hiyo. Kwa hiyo maofisa wa uhamiaji wana kazi kweli kweli. Ni wajibu wao kuuliza.

Lakini kuuliza ni jambo moja, na kukosea ni jambo jingine. Ofisa ni mtu kama wewe. Anaweza kudanganywa na jirani yako mwenye chuki. Hapa Kilosa tunajua jinsi ardhi inavyogombaniwa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema ardhi ni ya raia. Asiye raia hawezi kupewa shamba la kijiji kwa haki ya kimila. Basi adui akitaka shamba lako, hana haja ya kupima mpaka. Atasema tu: "Huyu si raia." Neno hilo moja likikubaliwa, shamba limekwenda, kura imekwenda, na wewe mwenyewe unaweza kuondolewa.

NANI NI RAIA?

Iko Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Inataja uraia wa namna tatu.

Kwanza, raia wa kuzaliwa. Sheria inasema aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, yaani tarehe 26 Aprili 1964, ni raia tangu kuzaliwa. Wanaotolewa ni wachache, kama watoto wa mabalozi wa nchi za nje. Lakini katika kazi za kila siku, maofisa huuliza pia kama mzazi wako mmoja alikuwa raia. Ndiyo maana maswali ya baba na babu hayakwepeki.

Wazee waliozaliwa Tanganyika kabla ya Uhuru walikuwa raia siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, kama mzazi wao mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Ambao wazazi wao wote wawili walizaliwa nje walitakiwa kujiandikisha. Vibarua wengi wa mkonge hawakujua habari hiyo. Hawakusoma gazeti, hawakujua kusoma. Deni la kutojua la babu linadaiwa leo kwa mjukuu.

Pili, raia wa kurithi. Huyu alizaliwa nje ya nchi, lakini mzazi wake ni Mtanzania.

Tatu, raia wa tajinisi. Huyu alikuwa mgeni, akaomba uraia, akapewa.

Shika jambo hili. Waziri anaweza kumvua uraia mtu wa tajinisi kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Hana uwezo kama huo juu ya raia wa kuzaliwa. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa hapa haambiwi, "Tumekuvua uraia." Huambiwa, "Hukuwa raia tangu mwanzo." Maneno ni tofauti, lakini maumivu ni yale yale.

Wala jambo hili haliwapati wadogo peke yao. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia. Alikuwa mwandishi wa habari mashuhuri, na alikwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Baadaye aliomba uraia, akapewa. Ikiwa mtu kama huyo aliulizwa, basi mkulima wa Rudewa asione ajabu kuulizwa.

YALIYOMPATA NDUGU ANUDO

Sasa tusikie kesi moja ya kweli. Inaitwa kesi ya Anudo Ochieng Anudo. Ilisikilizwa Arusha, na hukumu yake inajulikana Afrika nzima.

Ndugu Anudo alizaliwa mwaka 1979 huko Masinda, Butiama, mkoani Mara. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpigakura na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi Babati kwa ajili ya shughuli za ndoa yake. Polisi wakaishika pasipoti yake. Walisema wana mashaka na uraia wake.

Akafuatilia. Tarehe 21 Agosti 2014 Waziri alithibitisha kwamba pasipoti imefutwa, kwa kuwa mwenyewe si raia. Tarehe 26 Agosti 2014 alikwenda ofisi ya uhamiaji ya Manyara akidhani anakwenda kuchukua pasipoti yake. Hakupewa pasipoti. Alikamatwa. Anasema alilazimishwa kutia sahihi karatasi za kukubali kwamba yeye ni mgeni asiye na kibali. Tarehe 1 Septemba 2014 alipelekwa mpakani, akatolewa nchini, akaingizwa Kenya.

Hesabu siku hizo, ndugu msomaji. Tangu kukamatwa mpaka kutolewa nchini hazikutimia siku 7. Hakufikishwa mbele ya hakimu hata mmoja aulizwe, "Una lipi la kusema?"

Huko Kenya nako wakasema, "Huyu si wetu." Mahakama ya Kenya ikamtia hatiani kwa kuwa nchini mwao bila ruhusa, kisha akarudishwa mpakani. Tanzania ikamkataa. Basi akawa anaishi Sirari, katika kipande cha ardhi kati ya nchi mbili. Mbele kumefungwa, nyuma kumefungwa. Hakuwa mtu wa Kenya, hakuwa mtu wa Tanzania. Alikuwa mtu wa mpakani.

MAHAKAMA ILISEMA NINI?

Mwaka 2015 kesi yake ilifunguliwa katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Hukumu ilitolewa tarehe 22 Machi 2018. Mahakama ilisema mambo haya:

1. Mtu aliyekuwa na hati za uraia zilizotolewa na Serikali yenyewe, Serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba si raia. Mzigo hauwi wa mtu huyo.

2. Mashahidi walikuwa wanapingana juu ya wazazi wake. Katika hali hiyo kipimo cha damu cha kuonyesha uzazi, yaani DNA, kingefaa kufanywa. Hakikufanywa.

3. Kumnyima uraia namna ile kulikuwa ni kwa mabavu, siyo kwa sheria. Kumtoa nchini nako kulikuwa hivyo hivyo.

4. Haki yake ya kusikilizwa na mahakama ilivunjwa.

5. Tanzania ibadilishe sheria yake, ili mtu anayebishaniwa uraia wake apate njia ya kwenda mahakamani. Na Ndugu Anudo aruhusiwe kurudi nchini.

Kwa nini Mahakama ilitaka sheria ibadilishwe? Kwa sababu kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kilisema uamuzi wa Waziri ni wa mwisho na hauchunguzwi na mahakama yoyote. Tena hakikumlazimisha Waziri kutoa sababu. Majaji waliona hilo ni pengo.

Basi unaweza kusema: "Vizuri, na mimi nitakwenda Arusha." Hapana, ngoja kwanza. Tanzania ilikuwa imeruhusu mwananchi mmoja kupeleka kesi yake Arusha moja kwa moja tangu mwaka 2010. Lakini Novemba 2019 ilitoa taarifa ya kuondoa ruhusa hiyo, na kuondolewa huko kulianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Kwa hiyo mtu akikuambia leo, "Nipe nauli nikufungulie kesi Arusha," jihadhari naye. Tegemea kwanza mahakama zetu wenyewe za hapa nchini.

MILANGO MITATU YA MAHAKAMA

Watu wengi husema "nitakata rufani" kwa kila jambo. Lakini shauri la uhamiaji lina milango mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake. Angalia wewe uko mbele ya mlango gani.

Mlango wa kwanza: Umekamatwa na kuwekwa ndani, hujapelekwa mahakamani.

Sheria inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani katika saa 24, au mapema iwezekanavyo. Siku zikipita kimya kimya, ndugu zako wasikae kulia nyumbani. Wanaweza kuomba Mahakama Kuu itoe amri uletwe mbele yake, na waliokushika waeleze kwa sheria gani wanakushika. Wakiona hawana sababu, majaji huamuru uachiwe. Ombi hili huhitaji haraka. Mtu akikwisha kuvushwa mpaka, kesi inakuwa ngumu sana. Ndugu Anudo ni mfano.

Mlango wa pili: Umeshtakiwa na kuhukumiwa.

Huenda umeshtakiwa Mahakama ya Wilaya, Kilosa, kwa kosa la kuishi nchini bila kibali au kusema uongo katika fomu. Hakimu amekutia hatiani. Hapo ndipo penye rufani hasa. Rufani hiyo inakwenda Mahakama Kuu. Siku zake ni hizi:

— Katika siku 10 tangu hukumu, toa taarifa ya maandishi kwamba unakusudia kukata rufani.
— Katika siku 45 tangu hukumu, peleka sababu zako za rufani kwa maandishi. Siku za kungojea nakala ya hukumu hazihesabiwi. Kwa hiyo omba nakala mapema, na omba kwa barua.

Ukiwa gerezani, mpe mkuu wa gereza karatasi zako. Yeye atazipeleka mahakamani. Mfungwa hapotezi haki ya rufani.

Hapa pana shimo ambalo wengi huanguka. Hakimu akikusomea mashtaka, atakuuliza kama ni kweli. Mtu mwingine husema "Ni kweli" ili mambo yaishe arudi nyumbani. Ameharibu! Aliyekubali kosa hawezi kukata rufani kusema hakukosa. Anaweza kulalamikia adhabu tu. Basi kama wewe ni raia, sema wazi: "Si kweli. Mimi ni raia." Sema hivyo tangu siku ya kwanza.

Na ukishindwa Mahakama Kuu, iko Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini. Taarifa ya kwenda huko hutolewa katika siku 30.

Mlango wa tatu: Hukushtakiwa popote, bali ofisi imeamua.

Labda umepewa barua kwamba si raia. Labda pasipoti imefutwa. Labda umepewa hati ya kuondoka nchini. Hapa hakuna hukumu ya hakimu, kwa hiyo hakuna rufani ya kawaida. Kwanza andika malalamiko kwa ngazi ya juu ya ofisi hiyo, hadi kwa Waziri. Kisha mlango wa mahakama unaitwa mapitio.

Katika mapitio, Mahakama Kuu haikai kwenye kiti cha Waziri. Haisemi, "Sisi tungeamua hivi." Inaangalia njia iliyofuatwa. Je, ofisa alikuwa na uwezo huo kisheria? Je, alikusikiliza? Je, alizingatia ushahidi au alifuata maneno ya barabarani? Ikiona njia ilikuwa mbovu, inaufuta uamuzi. Inaweza pia kuiamuru ofisi ifanye wajibu wake, au kuikataza isifanye jambo.

Mapitio yana hatua mbili. Kwanza unaomba ruhusa ya kufungua. Ukipewa ruhusa, unafungua ombi lenyewe. Ruhusa hiyo lazima uiombe katika miezi 6 tangu siku ya uamuzi. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe katika kesi.

Utauliza: "Mbona sheria inasema uamuzi wa Waziri ni wa mwisho?" Ni kweli kizuizi hiki ni kizito, na kesi inaweza kukwama hapo. Lakini mahakama zetu zimekwisha kusema katika mashauri ya namna mbalimbali kwamba maneno "wa mwisho" hayafungi kabisa macho ya Mahakama Kuu, hasa mtu asiposikilizwa. Na Katiba ya nchi, ibara ya 13, inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu haki zake zinapoamuliwa. Ibara ya 17 inasema raia asifukuzwe katika nchi yake. Ibara ya 30 inampa mtu nafasi ya kwenda Mahakama Kuu haki zake zikivunjwa. Kwa hiyo usikate tamaa kabla ya kumwona mwanasheria.

Zamani Mahakama Kuu ilikuwa mbali nasi. Sasa iko pia Morogoro mjini. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Kwa hiyo sikiliza mwenyewe, soma mwenyewe.

NANI ATANISAIDIA NAMI SINA FEDHA?

Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao ni watu waliofunzwa na kuandikishwa kuwasaidia wananchi bila malipo. Hawawezi kusimama mahakamani kama wakili, lakini watakuonyesha njia na kukupeleka kwa mawakili wanaotoa msaada. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii au ya maendeleo ya jamii ya wilaya. Wako pia Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Jihadhari na vishoka wanaozurura nje ya ofisi. Akisema, "Nipe laki mbili nikutengenezee cheti," mkimbie. Cheti cha kubuni kitakugeuza kuwa mwongo hata kama wewe ni raia wa kweli. Na uongo katika mambo ya uraia ni kosa lenyewe.

WEKA KARATASI ZAKO KABLA YA MVUA KUNYESHA

Anayetafuta mwavuli wakati mvua inanyesha amekwisha kulowa. Basi kusanya karatasi hizi mapema:

1. Cheti cha kuzaliwa. Kama huna, hata mtu mzima anaweza kuomba kuandikishwa kwa kuchelewa.
2. Kadi ya kliniki ya utoto, kama ipo.
3. Cheti cha ubatizo, au barua ya msikiti.
4. Cheti cha kumaliza shule.
5. Kadi ya mpigakura na kitambulisho cha taifa.
6. Karatasi za wazazi: kadi zao za zamani, vyeti vya ndoa, hati za kazi za shamba la mkonge.
7. Barua ya Ofisa Mtendaji wa Kijiji.
8. Majina ya wazee wanaomjua mama yako tangu alipokuzaa. Wazee hufa. Waandikie maneno yao mapema, wayaapie mbele ya wakili au hakimu.

Toa nakala za zote. Nakala moja weka kwa ndugu unayemwamini. Ukimpa ofisa hati halisi, omba akuandikie kwamba ameipokea. Pasipoti iliyochukuliwa bila stakabadhi ni vigumu kuidai.

Tena uwe na daftari. Kila ukiitwa, andika tarehe, mahali, jina la ofisa, na aliyosema. Mwezi wa tano hutakumbuka ya mwezi wa kwanza. Daftari litakumbuka.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: USITIE SAHIHI KARATASI AMBAYO HUJAISOMA. Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba tu kwa sababu hatukujua kusoma. Leo unajua. Usiione haya kusema: "Ndugu ofisa, ngoja nisome kwanza." Soma polepole hata ikichukua saa nzima. Usipoielewa, omba nakala ukasaidiwe. Ukilazimishwa, mweleze hakimu siku ya kwanza utakapomwona. Kisomo hatukukisomea tupate cheti cha ukutani. Tulikisomea kwa siku kama hiyo.

MGENI NAYE NI MTU

Tusidhani haki ni ya raia tu. Mgeni aliyenyimwa kibali anaweza kulalamika ngazi ya juu. Mgeni aliyeshtakiwa ana haki ya kuelezwa mashtaka kwa lugha anayoielewa, na ya kukata rufani kwa siku zile zile tulizotaja. Aliyekimbia vita au mateso kwao yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Huyo hutakiwa kujitokeza kwa wakuu katika siku 7 tangu kuingia. Ukimkuta kando ya barabara ya Mikumi ana njaa, mpe maji na chakula, kisha toa taarifa. Usimfiche, wala usimpige.

NENO KWA VIONGOZI WA VIJIJI

Ndugu viongozi, barua yenu moja inaweza kumponya mtu au kumtupa mpakani. Msiandike "si raia" kwa sababu mtu alishindana nanyi katika mkutano. Msiandike "ni raia" kwa sababu ameleta kuku. Andikeni mnayoyajua: alizaliwa lini, kwa nani, amekaa wapi. Kuamua ni kazi ya wengine.

Tukumbuke ndugu zetu Wamakonde wa Kenya. Babu zao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, kama manamba wa hapa. Walikaa Kwale miaka mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kutoka pwani mpaka Nairobi kumwona Rais. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Hawakupata kwa kukaa kimya. Walikwenda pamoja, wakasema wazi, wakasikilizwa.

Basi, ndugu msomaji, ukiambiwa "si raia", usikimbie na usinyamaze. Uliza sababu, na uitake kwa maandishi. Hesabu siku zako: 10, 45, miezi 6. Tafuta msaada. Nenda mahakamani kungali mapema.

MAANA YA MANENO

Rufani: Kuomba mahakama ya juu iangalie upya hukumu ya mahakama ya chini.
Mapitio: Mahakama Kuu kuchunguza kama ofisi ya Serikali ilifuata sheria ilipoamua.
Tajinisi: Uraia anaopewa mgeni baada ya kuomba.
Nakala: Karatasi ya pili iliyo sawa na ile ya kwanza.
Stakabadhi: Karatasi ya kuonyesha kwamba kitu kimepokewa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ndugu Anudo alikaa siku ngapi tangu kukamatwa mpaka kutolewa nchini? Ndugu zake wangefanya nini katika siku hizo?
2. Kuna tofauti gani kati ya rufani na mapitio?
3. Kwa nini ni hatari kusema "Ni kweli" mbele ya hakimu ili mambo yaishe?
4. Katika kijiji chenu, ni watu wangapi hawana cheti cha kuzaliwa? Mtawasaidiaje?
5. Chukua daftari lako. Andika jina lako, mahali ulipozaliwa, majina ya wazazi wako na mahali walipozaliwa. Lihifadhi.